Mkono Unaosubiri

Bwana Kihwele alifika kuujaribu mkono wa Tusekile asubuhi ya kuchoma vyungu, saa ambayo mtu mwenye akili zake hamtembelei mfinyanzi. Nyasi zilikuwa zimekwisha kupangwa, vyungu vimelala kifudifudi juu ya kuni, na Tusekile mwenyewe alikuwa amejifunga khanga kiunoni, majivu yamempanda hadi kwenye nyusi. Mgeni alisimama mbali na moshi, mkoba ameukumbatia kifuani kama aliyebeba mayai.

"Hodi hapa, Mama Lugano."

"Karibu, baba. Pitia upande huo, huku utaiva pamoja na vyungu."

Lugano, bintiye, aliyekuwa bado hajafikia umri wa kuvalishwa bangili ya shule, alitoka nyuma ya rundo la nyasi na kipande cha muhogo mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Umeuleta mkono wa mama?"

"Nimeuleta."

Mtoto akamtazama mama yake, akaihesabu mikono yake kwa macho, wa kulia, wa kushoto. "Mbona yote anayo?"

"Huu ni pacha wake," alisema Kihwele.

Katika mji wa Mwambao Mpya, uliojengwa mlimani baada ya ziwa kupanda na kuvimeza vijiji vya chini, hakuna mtu mzima ambaye angeshangaa kusikia kuna mkono ndani ya mkoba. Mikono ilikuwa inaazimwa kwenye Ghala la Mikono. Anayetaka kushona alichukua bangili ya fundi cherehani, anayetaka kunyoa akachukua ya kinyozi, na jioni kila mtu akarudisha alichochukua. Ndani ya bangili mlikuwa na nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Zikigusa ngozi ya kifundo cha mkono zinaiambia mishipa la kufanya, nayo inatii, maana haijui kama anayesema ni mwenye mkono au ni bangili. Gwakisa, mume wa Tusekile, alichomelea vyuma kwa mkono wa mzee mmoja wa Iringa ambaye hakuwahi kumwona, na akisifiwa kazini alikuwa akijibu, "Salamu zitamfikia."

Tusekile yeye alikuwa na mkono wake wa kuzaliwa. Wafinyanzi wengine wa mwambao walikuwa wamezikwa au wamechoka, na Ghala lilipogundua kwamba amebaki peke yake lilimtuma Kihwele akanakili. Kwa siku kadhaa Tusekile alifinyanga akiwa amevaa bangili tupu inayosikiliza. Ghala halikuomba bure. Mwenye kutoa mkono hupewa nakala yake akae nayo, na Tusekile alikuwa na sababu ya kuitaka. Kila akiamka vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na akinywa chai alishika kikombe kwa mikono miwili ili Gwakisa asione. Alikuwa ameuona ugonjwa huo kwa mama yake mzazi, akajua unakoelekea. Mkono wa kushikia kijiko angeupata Ghalani kama watu wote. Wa kufinyanga haukuwapo mwingine, ni huo huo wake.

Alimpa mgeni chai. Kihwele akaiweka chini, akavua bangili aliyokuwa ameivaa, akatoa nyingine mfukoni, akaivaa, ndipo akashika kikombe.

"Mama! Anabadilisha mkono ili anywe chai!"

"We mtoto, funga mdomo wako."

"Mwache, ni kweli," alisema Kihwele. "Mimi nilivalishwa nikiwa mdogo kuliko yeye. Bila bangili hata kifungo cha shati sikiwezi." Alisema hivyo kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake.

Baada ya chai alikaa mbele ya chungu kibichi kilichokuwa juu ya kigae kipana, akatoa bangili ya Tusekile, akaivaa, akachovya unyoya wa kuku kwenye udongo mweupe. Tusekile aliuona mkono wake ukifanya kazi kwenye bega la mwanamume mwembamba mwenye saa. Ulikuwa ni wake kabisa. Kidole kidogo kilikuwa kimejitenga na wenzake vile vile, na mkono wa kushoto ulisukuma kigae kizunguke kwa kisigino cha kiganja, si kwa vidole. Shingoni mwa chungu vistari vya mteremko vilishuka kimoja baada ya kimoja, sawasawa.

Ulipofika tumboni mwa chungu, mkono ukasimama.

Haukuteleza, wala haukutetemeka. Uliinuka kidogo, vidole vikalegea, ukabaki unaning'inia hewani na mgongo wa kiganja juu, kama mtu aliyeinama mlangoni ampishe mwenzake.

"Imekwama," alisema Kihwele. Akaigonga bangili, akaivua, akaivaa tena, akaanza chungu kingine. Shingo ikatoka nzuri. Tumboni mkono ukasimama pale pale.

Lugano alikuwa amechuchumaa akitafuna. Alimeza, akafuta kiganja kwenye gauni, akasogea, akakiweka juu ya mkono wa Kihwele bila kuuliza, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha kila siku. Akausukuma. Unyoya ukagusa udongo.

"Huyu ni kambare," alieleza, mstari ukienda. "Hapa anapanda jiwe. Hapa amechoka. Hapa amekutana na mama yake mdogo." Mstari ulipanda, ukaporomoka, ukajikunja, ukazunguka tumbo lote la chungu na kukosana na mwanzo wake kwa upana wa kidole. Lugano akaondoa kiganja, akarudi kwenye muhogo.

Na mkono wa Kihwele ukashuka wenyewe, ukaanza kuchora nakshi ya meno chini ya mstari. Kambare alipopanda, jino likawa refu. Alipochoka, likawa fupi.

Kihwele alikuwa anatokwa jasho. "Mama Lugano. Zile siku za kunakili, huyu mtoto alikuwa wapi?"

"Angekuwa wapi? Hapo hapo alipo."

"Mkono wake juu ya wako?"

"Wewe si ulisema nifanye kazi kama ninavyofanya kila siku?"

Ndivyo kazi ilivyokuwa kwa wafinyanzi wa mwambao ule. Mstari wa tumboni ni wa mdogo kuliko wote nyumbani, na chungu kisicho na mstari wa mdogo hakiendi motoni. Nyumba isiyo na mtoto huazima wa jirani, humpa ndizi, na kumsubiri amalize kucheza. Tusekile naye aliwahi kuweka kiganja chake juu ya mkono wa mama yake, na mama yake juu ya wa mama yake. Hakuna aliyekuwa amemweleza Kihwele, maana hakuna aliyedhani ni jambo la kuelezwa.

*

Aliporudi, Kihwele alikuwa na jibu la wakubwa wake, na alilitoa taratibu, amekaa kwenye kigoda, magoti yamekaribia kidevu.

Walikuwa wamejaribu kuikata ile subira. Mkono uliruka tumbo ukaenda moja kwa moja kwenye meno, lakini meno hayakujua yawe marefu au mafupi, yakatoka kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Mkono unaosubiri, kwa upande mwingine, hauwezi kuwekwa Ghalani. Mtu akiazima mkono anataka umalize kazi. Kwa hiyo bangili ile ilihesabiwa mbovu, na mbovu huyeyushwa.

"Isipokuwa tumnakili na mtoto," alisema. "Tuchukue mstari wake, tuushone katikati ya kazi yako. Mkono utakuwa mmoja, mzima. Wewe utapewa wako, yeye atapewa wake, na watu watafinyanga vyungu hivi hata sisi tukiwa tumesahaulika."

"Na mtoto?"

Kihwele hakuzunguka. "Kunakili kunagandisha. Bangili haiwezi kusoma mshipa unaohamahama, kwa hiyo inaushika kwanza, utulie, ndipo isome. Ukishatulia unabaki hivyo. Kwa mtu mzima haisumbui, mkono wake ulikwisha kutulia siku nyingi. Mtoto naye atakuwa na mkono wa umri huu. Mstari wake utakuwa huu huu hadi azeeke."

"Na kuandika? Kushona?"

"Atavaa bangili kama wenzake, Mama Lugano. Hatapungukiwa. Niambie, mtoto gani siku hizi anatumia mkono wake?"

Tusekile akainuka kumsindikiza.

Mgeni alipoondoka, alivuta chungu kibichi karibu. Alitaka kujaribu kitu. Tangu zamani meno yake yalikuwa ya ncha, naye kwa muda alikuwa akifikiria kuyafanya ya mviringo, kama kucha. Akachovya unyoya. Akawaza kucha. Mkono ukachora jino la ncha, zuri, kali. Akawaza tena kucha, akauma mdomo, akausukuma mkono wa kulia kwa wa kushoto. Likatoka jino lingine, sawa na la kwanza kana kwamba limepigwa muhuri.

Aliuweka unyoya chini. Hakuwa ameumia popote. Ilikuwa tu kama kwenda kufungua mlango wa chumba cha nyumbani kwako na kukuta ukuta umepigwa lipu.

*

"Wewe unaona tatizo liko wapi?" aliuliza Gwakisa. Alikuwa amerudi kazini, amevua bangili ya mzee wa Iringa, na sasa alikuwa akikatakata mboga kwa mkono wa jikoni wa familia, uliokuwa na tabia ya kukata vitunguu vinene mno.

"Mkono wa mtoto utaganda, Baba Lugano."

"Wangu uliganda nilipovalishwa bangili chekechea. Nimekufa?"

"Hukufa."

"Nimeshindwa kukutunza wewe? Nyumba hii nani kajenga?"

"Mzee wa Iringa."

Gwakisa akacheka, akaacha kukata. "Haya, nimepigwa. Lakini sikiliza. Unadhani sikioni kikombe unavyokishika?"

Tusekile akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

"Nakiona," alisema mumewe. "Msimu ujao hutaweza kuisimamisha shingo ya chungu. Ukikataa, bangili yako inayeyushwa. Lugano hajajua kufinyanga, hajajua kuchoma, hajajua meno. Anajua kambare tu. Nani atamfundisha mengine? Mimi? Unamwachia mtoto mstari usio na chungu."

Hilo lilimwingia Tusekile, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa amelizunguka siku nzima bila kulipa jina.

"Kwa hiyo wewe unasema nikubali."

"Mimi sisemi. Mimi mikono yangu yote ya kuazima, usiniulize habari za mkono wa kuzaliwa. Nasema tu usije ukadhani ukikataa hakuna kinachopotea."

Nje Lugano alikuwa akimwimbia paka wimbo wa kumtukana.

*

Chumba cha kunakilia kule Ghalani kilikuwa kidogo na safi, kinanuka sabuni. Juu ya mto wa kitambaa palikuwa na bangili ya mtoto, nyembamba, yenye kitaa cha kijani kilichokuwa kinawaka na kuzimika. Hapakuwa na karatasi wala sahihi. Mzazi huisemea bangili neno moja tu, "nimekubali," nayo huanza kazi.

"Yangu?" aliuliza Lugano.

"Ukitaka," alisema Kihwele.

"Nataka! Mama, ina taa! Ya rafiki yangu Neema haina taa!"

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Mtoto alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimetanuka, macho kwenye kile kitaa. Kihwele alimtazama mama, akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja vizuri.

"Bwana Kihwele."

"Naam, Mama Lugano."

"Wewe kabla hujavalishwa ulikuwa unachora?"

Kihwele alifikiri. "Mama anasema nilikuwa nachora mbuzi. Kwenye kuta, kwenye mchanga, kila mahali mbuzi. Alinichapa kwa ajili ya ukuta wa mjomba."

"Mbuzi wa namna gani?"

"Sijui." Akaangalia mikono yake, akaigeuza. "Naweza kukuchorea mbuzi sasa hivi. Tuna mkono wa mchoraji mzuri sana, ule wa kabati la pili. Nitakuchorea mpaka manyoya. Ila huyo wangu sijui alikuwaje." Hakuonekana mwenye huzuni. Alionekana kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake.

Tusekile akaushika mkono wa Lugano ulionyooshwa, akaukunja vidole, akaurudisha kifuani mwa mwenyewe.

"Hapana," alisema.

"Mama!"

"Unajua maana yake," alisema Kihwele.

"Najua."

"Nakala yako itayeyushwa leo. Haibaki hata ya kumbukumbu, ndiyo sheria. Na sitaweza kurudi kukunakili tena. Ule mtetemo ukishaingia, bangili itaunakili na wenyewe."

"Iyeyusheni."

Kihwele akakifunika kile kitaa cha kijani kwa kidole mpaka kikazimika. "Basi, mama. Safari njema."

Lugano alilia kutoka mlango wa Ghala hadi kwenye ngazi za soko, akalia kupita kwa wauza dagaa, akamwambia kila aliyewasalimia kwamba mama yake ni mbaya, amemnyima bangili yenye taa. Mwanamke mmoja muuza ndizi alimtazama Tusekile kwa jicho kali. "Mpe mtoto mkono wake, dada. Wengine wanautafuta." Tusekile akamshukuru, akanunua ndizi, akampa Lugano, ambaye alizikataa, kisha akazila.

*

Mtetemo ulikuja kama ulivyokuja kwa mama yake, kwanza asubuhi, halafu asubuhi na mchana. Vyungu vyake vikaanza kuinama. Shingo ilikaa upande kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Wateja wa zamani walipita, wakashika, wakasifu udongo, wakaenda zao. Gwakisa kila aliposhuka ziwani alirudi na kapu la udongo begani, akalitua, akaenda kuoga.

Tusekile akajaribu kufundisha kwa mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufinyanga. Mkono wake ulikuwa umejua mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia yakisemwa, na sasa alilazimika kuyatafutia maneno moja moja. "Bana, lakini usibane," alisema. "Kama unamshika kifaranga." Lugano alikishika chungu kama kifaranga, kikaanguka. "Siyo kifaranga huyo. Kifaranga mkubwa kidogo." Walivunja vingi. Vingine mtoto alivipiga ngumi kwa makusudi, akaambiwa akaone kama udongo unajichimba wenyewe, akaenda kununa nyuma ya nyumba, akarudi.

Meno hakuyapata. Tusekile alimwonyesha vyungu vya zamani, akamchorea mchangani kwa kijiti, mistari ikayumba, haikufanana na chochote. Meno ya wafinyanzi wa mwambao yaliishia hapo. Gwakisa alikuwa amesema kweli, na Tusekile hakujidanganya juu ya hilo. Siku nyingine, akiwa peke yake, alikaa akakitazama chungu chake cha mwisho kizuri, kile cha kuwekea maji ya kunywa, akajiuliza kama alikuwa na haki. Akachota maji, akanywa, nusu yakamwagika.

Mvua zilipokwisha, mama na mtoto walikaa uani na chungu kilichoinama. Kilikuwa cha Lugano zaidi kuliko cha Tusekile, mama alikuwa ameshikilia kitako tu. Udongo mweupe ulikuwa tayari kwenye bakuli. Lugano alichovya unyoya, akachora mstari wake, akazunguka tumbo lote la chungu, kambare akapanda, akachoka, akajikunja. Akarudi nyuma kutazama.

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akaufuta.

"Unafanya nini?" Tusekile alishtuka. "Ulikuwa umetoka vizuri."

"Huyu wa kitoto."

"Wa kitoto vipi? Ndiye wako."

"Simpendi tena. Anapanda jiwe, anapanda jiwe, kila siku jiwe." Aliendelea kufuta mpaka tumbo la chungu likawa na ukungu mweupe tupu.

"Sasa utachora nini?"

"Sijui. Ngoja."

Alikaa muda mrefu, ulimi nje, unyoya ukidondosha matone kwenye goti lake. Kisha akakipindua chungu kichwa chini na kuanza kwenye kitako, mahali ambapo mama yake, na mama wa mama yake, hawakuwahi kugusa unyoya. Mstari uliotoka ulikuwa mnene, wa ovyo, hauelekei tumboni wala shingoni. Tusekile hakuweza kusema kama ni mzuri. Hakuweza hata kusema ni wa nini.

Aliona mkono wake wa kulia unainuka wenyewe kutoka mapajani, unatetemeka, unakwenda kwenye chungu kumwelekeza mtoto njia ya meno. Akaurudisha. Ukainuka tena. Basi Tusekile akausogeza chini ya paja, akaukalia kwa uzito wake wote, akatazama.